Apdeti Imegoma? Usikimbilie Kupiga Windo

Leo sina stori ya mkeka uliochanika wala ya demu aliyenipotezea. Leo ni stori ya mashine ya nyumbani, ile ambayo kila ukiwasha inakulilia apdeti kama mtoto aliyeona pipi.

Geto langu liko nyuma ya nyumba ya maza, katikati ya migomba, ila mashine haikai geto. Inakaa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya harusi ya wazee, na usiku inafunikwa kitenge kama mgonjwa. Ni desktopu ya mtumba, ile minene iliyostaafu ofisi za watu. Mjomba aliitoa Bukoba kwenye basi, akaipakata mapajani njia nzima kupitia Kyaka, na mpaka leo anatukumbusha magoti yake yalivyopata tabu. Kwetu inaitwa Babu. Babu ndiye anayechapa barua za kikundi cha maza, ndiye anayefungua matokeo ya NECTA jirani wote wakiwa wamejaa sebuleni, na wikiendi ndiye anayetupigia muvi.

Na Babu ana madai. Pale kona ya chini kulia hakosi ujumbe. Kuna apdeti. Mashine inahitaji kuristati. Apdeti imeshindikana, jaribu tena. Sisi tulikuwa na dawa moja tu: baadaye. Ujumbe ukija, unabofya baadaye, maisha yanasonga. Maza, ambaye hana habari na hayo mambo ya Windows, siku moja akaniuliza akiwa anachambua maharage: "Mwanangu, hiyo mashine inadai nini kila siku? Kwani tuliikopa?"

Nikacheka, lakini lile neno lilinikaa. Inadai. Na deni usilolisoma ndilo linalokuja kukuumbua mbele za watu.

Siku ya kuumbuka ilifika wakati dogo anahangaika na maombi ya mkopo wa chuo, HESLB, na siku zimebaki za kuhesabu vidole. Tunawasha Babu, brauza inagoma: eti ukurasa si salama, rudi ulikotoka. Kila tovuti hivyo hivyo, hadi ya kutafutia vitu. Tukaenda kwenye apdeti, tukakuta maandishi mekundu na mkia wa herufi: 0x80072F8F. Dogo jasho linamtoka. Mimi najifanya mtu mzima, kumbe moyoni nimechacha mawazo.

Nikamtwangia fundi wetu wa kitaa. Simtaji jina, ni mshikaji na ana watoto. Jibu lake lilikuwa lile lile ambalo kila fundi wa Karagwe nzima analo mdomoni: "Hiyo windo imekufa. Niletee msimbazi na buku tano, niipige upya, jioni unachukua."

Hapa ndipo nina ugomvi na kitaa chetu. Kupiga windo imekuwa panado yetu. Mashine nzito, piga windo. Spika haitoi sauti, piga windo. Apdeti imegoma, piga windo. Sikatai, kuna siku inabidi. Lakini miaka miwili nyuma Babu alipigwa windo kwa ishu ya kijinga, fundi hakuuliza kitu, akafuta diski nzima, na humo zilikuwemo picha zote za msiba wa bibi. Maza hakunisema. Alikaa kimya siku tatu, na nyie mnaojua kimya cha maza mnajua. Kwa hiyo safari hii nilimwambia fundi asubiri kwanza, nikakaa mbele ya skrini, nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza tangu tuwe na ile mashine.

Jibu lilikuwa kona ya chini kulia, chini ya ule ujumbe tuliokuwa tunaupotezea. Saa. Babu alikuwa anaamini ni Januari 2012.

Yaani kwa akili ya Babu, Kyerwa bado haijawa wilaya, bado iko ndani ya Karagwe. Dogo mwenyewe kwa hesabu hiyo bado yuko chekechea, na anaomba mkopo wa chuo.

Ngoja niwape mchongo wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapigwa hela. Tovuti yoyote ya maana, na hata seva za apdeti, ina cheti cha kidijitali kinachoonyesha kuwa kweli ni yenyewe. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine yako inachukua tarehe yake yenyewe, inalinganisha. Sasa ukimpelekea mtu aliyekwama 2012 cheti kilichotolewa mwaka jana, kwake hicho ni cheti ambacho hakijazaliwa. Anakikataa, na ana haki. Ule mkia 0x80072F8F mara nyingi ndiyo maana yake: usalama wa mawasiliano umekwama, hebu angalia saa na tarehe yako kwanza.

Na kwa nini saa ipotee? Ndani ya desktopu, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa kama sarafu. Imeandikwa CR2032, na hiyo namba si uganga, ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Inatoa volti 3, na kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata ukichomoa waya ukutani. Mashine ya mtumba ya 2012 imekuja na betri ya enzi hizo au iliyobadilishwa zamani. Ikifa, kila umeme ukikata, saa inarudi siku iliyowekwa kiwandani. Na umeme kwetu kukata siyo habari ya kuandikwa gazetini. Miaka na miaka Kagera tumekuwa tukiwashia taa umeme wa kutoka Uganda, unapita Masaka unaingia kituo cha Kyaka, kwa hiyo hata taa yetu ilikuwa na safari ndefu. Kila ukikata, Babu anarudi Januari 2012 na kuanza maisha upya.

Nikachomoa waya, nikafungua ubavu, nikapuliza vumbi la kutosha kupanda mchicha, nikaichomoa ile betri kwa ukucha. Nikaenda nayo Omurushaka kwa muuza saa, akanipa mpya kwa buku mbili. Buku mbili wanangu, dhidi ya elfu kumi na tano na picha za msiba.

Ukishaiweka, usitegemee saa ijirekebishe yenyewe. Windows ya nyumbani ina utaratibu wa kuuliza saa kwenye mtandao, lakini tofauti ikizidi saa 15 inaona kuna uzushi, inagoma kubadilisha. Kwa hiyo weka tarehe na mwaka kwa mkono kwanza. Halafu kwenye kanda ya saa usitafute Dar es Salaam, hutaikuta. Chagua Nairobi, ile ya +3, ndiyo yetu sote. Na tafadhali, usiweke saa ya Kiswahili. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu alirekebisha saa ya mashine yake iwe saa mbili kwa sababu kweli ilikuwa saa mbili asubuhi. Ilibidi nimweleze kwa heshima zote, "Mzee wangu, hii mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane," naye akanijibu, "Basi yenyewe ndiyo imekosea." Sikubishana naye.

Dogo akafungua ukurasa wake usiku ule ule. Apdeti nayo ikaanza kushuka yenyewe bila kelele.

Nikapata mzuka. Nikaanza kuwasaidia washikaji, na nikagundua kwamba zile namba tunazozikimbia ni lugha tu, tena siyo ngumu kuliko mkeka wa timu kumi na mbili. Zote zinaanza na 0x, halafu mkia. Mkia ukiwa 80070070, diski imejaa, basi, hakuna kingine. Kwa Babu, diski ilijaa muvi zilizotafsiriwa na folda moja nono inaitwa Windows.old. Hiyo ni windo ya zamani ambayo apdeti kubwa huiacha siku 10 ili ukijuta urudi ulikotoka, kisha kwa kawaida inajifuta. Ikibaki imeng'ang'ania, itoe kwa kutumia zana ya usafi iliyomo ndani ya Windows, andika cleanmgr kwenye kisanduku cha kutafutia. Usiivamie kwa mkono kama unafyeka shamba. Mkia ukiwa 80072EE2, mtandao umechelewa kujibu, jaribu saa nyingine, kalale.

Mkia ukiwa 80073712 hapo kuna kazi kidogo. Maana yake ghala la mafaili ambalo apdeti inachukulia vipande limeharibika, na mara nyingi chanzo ni umeme kukata katikati ya kazi. Fungua ile skrini nyeusi ya amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika hivi, moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inakarabati ghala, na inaweza kuvuta vipande vizima kutoka mtandaoni, kwa hiyo uwe na bando. Ya pili inatumia ghala lililopona kurekebisha mafaili ya mfumo. Ukianza na ya pili, unapaka rangi nyumba iliyobomoka. Inachukua muda, itasimama kwenye asilimia fulani mpaka udhani imekufa. Nenda kamsaidie maza kumenya ndizi, urudi.

Na kama apdeti imeshuka nusu ikajichanganya, kuna folda inaitwa SoftwareDistribution ndani ya C:\Windows, ndimo mizigo ya apdeti inapofikia. Simamisha huduma zake kwa amri net stop wuauserv na net stop bits, badili jina la folda, kisha ziamshe tena kwa net start. Windows itajenga folda mpya na kuanza kushusha mwanzo. Kushusha mwanzo, umenielewa? Bando lile lile, mara ya pili. Ndiyo maana hii naiweka mwisho.

Maana tuseme ukweli, ishu yetu kubwa huku siyo namba. Ni bando. Sisi intaneti yetu ni simu. Unawasha hotispoti upate kutuma barua moja, Babu anaona Wi-Fi, anadhani amehamia Dubai kwenye nyaya za faiba, anaanza kunywa. Apdeti ya mwezi mmoja inaweza kula mamia ya MB, ile kubwa ya kubadili toleo inakula GB kadhaa. Unakuja kushtuka, simu inakwambia umetumia asilimia mia, na ulikuwa hujafungua hata picha moja ya profaili.

Dawa ipo na haina gharama. Kwenye setingi za mtandao, gusa jina la hotispoti yako, ndani kuna swichi ya kumwambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashe. Hapo apdeti nyingi zinasubiri mpaka utoe ruhusa mwenyewe. Pia kuna sehemu ya kusimamisha apdeti kwa wiki, ukirudia unafika hadi siku 35 kwenye Windows 10. Na ukiwa na mashine mbili nyumba moja mtandao mmoja, zinaweza kugawana apdeti iliyoshuka kwa mwenzake badala ya kila moja kuvuta ya kwake. Wenye steshenari, hiyo ni ya kwenu.

Ila jua ratiba. Tangu 2003 Microsoft wana siku yao: Jumanne ya pili ya kila mwezi ndiyo wanaachia marekebisho ya usalama. Huko kwao ni saa nne asubuhi, kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea msimu wao. Jumanne, saa nne usiku ikikaribia! Champions League! Nusu ya kitaa imewasha hotispoti inasaka linki ya mpira, Babu naye kaona mzigo umetoka. Sasa nikiona Jumanne ya pili inakuja, namzima Babu mapema, apdeti tunaifanya Jumatano alfajiri wakati bando la usiku bado linapumua.

Kuna mtu atasema, kwa nini usizizime kabisa zote ukaishi kwa amani? Mwaka 2017, tarehe 14 Machi, Microsoft walitoa marekebisho ya tundu moja baya kwenye Windows. Walioshusha wakasahau. Walioendelea kubofya baadaye wakakutana na tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry. Kilifunga mafaili ya watu kwenye nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 za bitcoin kuyafungua. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Karibu miezi miwili ilikuwa imepita tangu dawa itoke.

Utasema Uingereza ni mbali, nani ana shida na barua za kikundi cha maza? Sawa. Lakini wewe una fleshi. Asubuhi iko steshenari ya Kayanga ukiprinti sivii, mchana iko shuleni kwa mwalimu, jioni iko kwa Babu ikileta muvi. Kila mmoja wetu ameshawahi kufungua fleshi akakuta folda zote zimegeuka shotikati, vitu vyake havionekani. Hiyo fleshi ndiyo barabara yetu ya vumbi, kila gari linapita, na hakuna geti.

Kwenye umeme nina neno moja tu. Ukiona maandishi ya usizime kompyuta na asilimia zinapanda, acha. Usichomoe eti unachelewa kanisani. Desktopu haina betri ya kuibeba kama laptopu, umeme ukikata umekata, na ukirudi mara nyingi Windows itaanza kurudisha mabadiliko nyuma yenyewe. Itakaa hapo hata nusu saa. Muache Babu ajikusanye. Anayechomoa mara ya pili ndiye anayetengeneza kazi ya fundi.

Halafu kuna onyo ambalo siyo kosa lako na hata dawa zangu zote hazitibu. Januari 2024 ilitoka apdeti ya Windows 10 yenye namba KB5034441, ikawa inagonga mwamba kwa watu dunia nzima na mkia 0x80070643. Sababu ni kwamba kile kipande cha diski kinachotunza zana za uokoaji kilikuwa kidogo kuliko kilivyohitajika, ilitakiwa kuwe na MB 250 zilizo wazi. Ukitaka kukipanua inabidi ukate diski kwa amri, na mtu asiyezoea anaweza kufuta kila kitu. Na tundu lenyewe lilimhusu anayefunga diski yake kwa BitLocker, kitu ambacho Babu hajawahi hata kukisikia. Washikaji walikesha wakihangaika. Mimi niliposoma, nikaiacha ilie. Siyo kila anayedai unamlipa siku hiyo hiyo.

Na kuna onyo feki. Unatafuta muvi ya dezo, ghafla skrini nzima inawaka nyekundu, kengele zinalia, eti kompyuta yako imeshambuliwa, piga namba hii sasa hivi au shusha apdeti hii. Kausha. Onyo la kweli la Windows haliweki namba ya simu, hata siku moja, na apdeti ya kweli inakaa ndani ya setingi, haikufuati kwenye tovuti ya muvi. Bonyeza Alt na F4, ikigoma, Ctrl, Alt na Delete, fungua orodha ya kazi uiue brauza. Usipige simu. Ukipiga, atapokea mtu mwenye sauti ya upole sana, na huo upole utaulipia.

Sasa tufike kwenye deni lenyewe kubwa, lile ambalo hata betri ya buku mbili haiwezi kulizima. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Babu alianza kuleta ujumbe wa skrini nzima: asante kwa utiifu wako, sasa nunua kompyuta mpya. Nilimsomea maza kwa Kiswahili. Akauliza, "Waitu, mashine ndiyo inatuambia tuitupe?"

Ndivyo. Windows 11 inataka vitu ambavyo Babu hana: prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 hivi, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Babu ni kizazi cha 3. RAM anayo, diski anayo, lakini umri umemkataa kama mzee kwenye tangazo la kazi la mwisho miaka 25. Mafundi wetu wanaweza kumlazimisha, kuna programu ya kutengeneza fleshi ya Windows 11 inayoruka ule ukaguzi, na kitaani watu kibao wanaitumia. Inafanya kazi. Ila Microsoft wamesema wazi kwamba mashine isiyotimiza vigezo haina haki ya kudai apdeti, kwa hiyo unaweza kuhama kutoka nyumba isiyofanyiwa ukarabati kwenda nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hakutambui.

Babu hakuzimika tarehe 15 Oktoba. Hilo watu wengi walikosea. Mashine iliwaka, ikachapa, ikapiga muvi. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Tena kwa mtu wa nyumbani walifungua mlango wa nyongeza, ESU, viraka vya mwaka mmoja zaidi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha humo humo kwenye sehemu ya apdeti, mradi uwe kwenye toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Bei ni dola 30, lakini ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti yako mtandaoni, ni kitonga, hulipi kitu. Antivairasi yake ya ndani nayo imeahidiwa kuendelea kujua virusi vipya hadi Oktoba 2028. Nilimwandikisha Babu dakika kumi tu, nikashangaa kwa nini hakuna aliyelipigia kelele hili vijiweni, wakati habari ya kutupa mashine ilienea hadi Kyerwa ndani ndani.

Mwaka mmoja lakini ni mwaka mmoja. Basi kuna msela alirudi kutoka Nairobi, kila sentensi ina buda na mbogi, na Sheng yake imezidi hata ya Wakenya. Kaja sebuleni, kamwangalia Babu, katikisa kichwa: "Buda, hii mashine haijaisha, iko tu na stress. Weka Mint ndani uone vile itarudi fiti. Wacha uoga."

Mint ni Linux, mfumo mwingine kabisa, wa bure, na haina ugomvi na umri wa prosesa. Faili lake la kushusha ni GB tatu hivi, tulilishusha usiku wa manane. Uzuri wake unauwasha kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, unaonja, hujapenda unachomoa, Windows yako iko pale pale. Kwa mtu aliyewahi kupoteza picha za msiba, hicho ndicho kilichonishawishi. Tulikopi kwanza kila kitu cha maza kwenye diski ya nje, ndipo tukajaribu.

Spika zikalia. Printa ilisumbua jioni moja, ikakubali. Barua za kikundi zikafunguka kwenye LibreOffice, mpangilio ukahama kidogo kwenye majedwali, maza akagundua kabla yangu. Hapo nikakumbuka kitu ambacho wengi hawajui: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, babu wa hii LibreOffice, ikiwa imeandikwa Kiswahili. Miaka yote hiyo, na bado kitaani tunasema apdeti, hakuna anayesema sasisho. Mimi nikisema sasisho kijiweni watanicheka mpaka msimu wa senene.

Sikuifuta Windows. Nimeziweka zote mbili, Windows na Mint, kwenye diski moja, Babu akiwaka anauliza uingie wapi. Dogo yuko Windows kwa ajili ya gemu lake, maza yuko Mint kwa barua zake.

Juzi jioni nimekaa barazani, mvua inanyesha kwenye migomba, namsikia maza ananiita. Naingia, namkuta ameinamia skrini, miwani imeshuka puani. Pale chini kuna alama ndogo ya ngao, na juu yake nukta ya rangi ya chungwa.

"Mwanangu," akasema, "hii nayo inadai?"

"Inadai, Mama."

"Shilingi ngapi?"

Nikaifungua, nikasoma orodha yote kuanzia juu hadi chini, nikapiga hesabu. "MB mia moja na kumi na mbili."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaitazama tena ile nukta. "Isubiri usiku," akasema, akaendelea kuchapa barua yake.